Mtafuteni Mwethya

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pikipiki.

Ya pili ilimkosa Nyaguthii, ikatoboa bango la kuuza mbolea.

Hakupunguza mwendo. Yamaha ilinguruma kwenye kona za barabara ya Katumani, vumbi likimjaa mdomoni, na mbele yake Pajero nyeupe ilikuwa ikipita malori kwa fujo kana kwamba barabara ni ya babake dereva. Ndani ya Pajero kulikuwa na mtu mmoja: Kimotho, kijana wa Syokimau aliyevaa ovaroli ya fundi wa kompyuta. Ufundi alikuwa nao kweli. Utu ndio aliokosa. Mfukoni alibeba flash disk yenye ripoti ya watu wengine.

Nyaguthii alichomoa bastola yake ya Ceska kiunoni. Mkono mmoja ukabaki kwenye usukani.

Paa!

Gurudumu la nyuma lilipasuka. Pajero ikaserereka, ikaingia mtaroni kwa pua. Kimotho aliruka nje huku anachechemea, na Nyaguthii akajiambia, leo umepatikana.

Hakupatikana. Land Cruiser ya kijani ilichomoka kwenye njia ya kando, mlango ukafunguliwa, na jamaa akavutwa ndani.

"Umechelewa, siste!" alipiga kelele dirishani. "Rudi jikoni!"

Nyaguthii alisimamisha pikipiki, akatema vumbi, akatoa Nokia yake.

"Kipanga hapa."

"Sema," ilijibu sauti ya Kuria, mkubwa wake katika idara ya ujasusi kule Nairobi. Kazini wote walimwita Chifu, na Nyaguthii walimwita Kipanga.

"Ametoroka. Ana nakala."

"Ameharibu chochote?"

"Amekaa na kompyuta ya daktari tangu asubuhi. Lazima ameharibu."

"Kamati inakaa saa nane mchana. Nenda ujue ameharibu nini, na urekebishe. Na Kipanga?"

"Nini?"

"Yule daktari hapendi watu wetu."

"Hata mimi siwapendi," alisema Nyaguthii, akakata simu.

Mwaka huo wa 2003 kulikuwa na mzungu aliyeitwa Halvorn, na Halvorn alikuwa na biashara chafu. Mapipa ya taka zenye zebaki yaliingia nchini kwa karatasi zilizosema ni gundi ya viatu, yakapakiwa malori, yakamwagwa kwenye mashimo ya mawe yaliyoachwa pale Kwa Kaleli, kilimani juu ya Mitaboni. Mvua ikinyesha, kilichokuwa shimoni kilishuka hadi visimani. Sasa alitaka leseni ya kuyatumia mashimo hayo kihalali. Malori mengine yalikuwa yameshajipanga Athi River, injini zikisubiri muhuri wa kamati. Kitu pekee kilichosimama kati yake na muhuri huo kilikuwa ripoti ya mwanamke mmoja mkali, Daktari Katunge, mtaalamu wa maji.

Ofisi ya Katunge ilikuwa chumba cha kupanga juu ya duka la dawa za mifugo mjini Machakos. Nyaguthii aliingia bila kubisha.

"Wewe ni nani, na nani amekuambia uingie hapa na hiyo vumbi yote?"

"Fungua ripoti."

"Nimekuuliza wewe ni nani!"

"Daktari, yule fundi wako wa asubuhi amenifyatulia risasi mbili. Fungua ripoti."

Katunge alifungua laptop, Compaq nzito kuliko tofali. Alifungua huku ananung'unika kwamba serikali ililala miaka miwili watu wakinywa sumu, na leo ndiyo imeamka na bunduki. Nyaguthii aliinamia laptop.

Ripoti ilionekana nzima. Kurasa zote zilikuwepo, na majedwali, na picha za visima. Kisha Katunge akasoma sentensi moja kwa sauti.

"Zebaki katika kisima cha Kwa Kaleli imepita kiwango cha hatari... Pettigrew, 1987." Akageuka. "Pettigrew ni nani?"

Nyaguthii alishuka hadi orodha ya marejeo mwishoni. Pettigrew alikuwa ameandika kitabu cha kufuga sungura.

Aliyefuata aliandika juu ya uashi. Aliyefuata yeye, mapishi ya keki. Kila mahali ambapo Katunge alitaja utafiti kuthibitisha neno lake, sasa palikuwa na upuuzi. Wakili wa Halvorn angesimama mbele ya kamati, asome marejeo matatu tu, ukumbi ucheke, na ripoti itupwe.

"Nilimwambia atoe virusi!" Katunge alijishika kichwa.

"Alitoa. Akaweka sungura."

"Usinichekeshe! Mtoto wa dadangu, Wanza, ako Mitaboni hawezi kushika kijiko. Mikono inatetemeka kama ya mzee. Kisima yao iko chini ya hayo mashimo. Hii ripoti ikienda, kesho malori inapanda huko. Wewe unaelewa?"

Nyaguthii alielewa. Alivuta kiti, akaketi, akavua glavu.

Katunge alitumia programu ya marejeo iitwayo RefMason. Ilikaa ndani ya Word kama mpangaji, na kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Unaandika habari za kila kitabu mara moja tu katika faili inayoitwa maktaba. Halafu ndani ya ripoti unaweka alama, na programu inachota jina na mwaka kutoka maktaba na kukupangia orodha mwishoni. Ikikubali, utaipenda. Ikikataa, utatamani kuitupa dirishani.

"Amebadilisha maktaba," alisema Nyaguthii. "Ameweka ya uongo yenye nambari zile zile. Programu inaangalia nambari tu, haiangalii mtu. Ile maktaba ya kweli iko wapi?"

"Ilikuwa hapo hapo."

"Basi ameifuta. Nakala nyingine?"

Katunge alitikisa kichwa.

"Daktari mzima!"

"Usinigombeze kwa ofisi yangu!"

Kwanza Nyaguthii alinakili ripoti yote kando, kwa sababu anayetibu mgonjwa wa pekee bila nakala ni muuaji. Kisha akabonyeza Alt na F9.

Ukurasa uligeuka. Majina ya Pettigrew na wenzake yalipotea, na mahali pake yakatokea mabano yaliyojipinda, yaliyojaa herufi zilizobanana.

"Umeharibu sasa!"

"Nyamaza, usome." Kidole cha Nyaguthii kilifuata mstari. "Kila alama inabeba nakala ya siri ya kitabu chake, tangu siku ulipoiweka. Kimotho alibadilisha maktaba. Lakini ripoti yenyewe bado inakumbuka."

Aliitenga maktaba ya uongo, akaiambia RefMason ichote nakala zote za siri na kujenga maktaba mpya.

Mashine ikaganda.

Akaiwasha upya. Ikaganda tena. Programu ilisema kuna kosa, haikusema liko wapi. Programu za namna hii zina kiburi cha karani wa dirishani: atakuambia fomu yako ina makosa, na hatakuonyesha kosa hata ukilia.

"Saa sita na nusu," alisema Katunge.

"Naona saa."

Akaikata ripoti vipande viwili, kila kimoja katika dokumenti yake. Nusu ya kwanza ilikubali. Ya pili ikaganda. Akaikata ya pili tena. Akakata tena. Alikuwa akifukuza panya chumba kwa chumba, akifunga mlango kila anapotoka, mpaka panya akabakiwa na kona moja. Kona hiyo ilikuwa jedwali katika sura ya nne. Ndani yake palikuwa na alama moja ambayo Kimotho aliing'oa bano la kufunga kwa makusudi, ili hata atakayegundua ashindwe kutengeneza.

Nyaguthii aliifuta alama hiyo, akaiandika upya, akaunganisha vipande.

Mashine ilifikiri.

Wanawake wawili waliogombana tangu walipoonana walishikilia meza moja bila kupumua.

Pettigrew akatoweka. Majina ya kweli yakarudi ukurasa baada ya ukurasa, na Katunge akafuta macho kwa kiganja haraka, asionekane.

"Sasa toa na hii," alisema kwa ukali ule ule. "Hii ujinga ilikuwa hata kabla ya huyo mwizi. Imenishinda mwezi mzima."

Alionyesha kioo cha laptop kwa kidole. Mwethya, K. K., 2002. Ukurasa uliofuata, tena. Jina hilo lilijaa ripoti nzima.

Nyaguthii alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Baba yake, Mkikuyu wa Murang'a, aliuza mabati mjini Machakos, na yeye alikua akicheza na kugombana kwa Kikamba. Alijua mwethya ni nini. Wakamba wanapotaka kujenga bwawa la mchanga au kumsimamishia mjane nyumba, huitana. Kila boma linatoa mtu, kila mtu anakuja na jembe lake, na asiyefika anatozwa faini na kusemwa mpaka ajute. Huo ndio mwethya. Wanawake wa mwethya wa Kwa Kaleli ndio waliochota maji ya kupimwa kila wiki, wakahesabu mbuzi waliokufa. Katunge aliwaandika kama wenye utafiti, kwa mpangilio wa maneno wa Kiingereza: Kwa Kaleli Mwethya. RefMason, iliyotengenezwa na watu wasiojua jambo hilo, ilidhani ni mtu. Ikalifanya neno la mwisho jina la ukoo, na yale mawili ya mbele ikayakata yakawa K. na K.

"Dawa yake ni koma moja mwishoni mwa jina," alisema Nyaguthii. "Ikiona koma hiyo, haikati."

"Weka basi! Mamangu ndiye mwenyekiti wao. Wamebeba hiyo maji kwa mgongo, halafu kompyuta inawafanya mtu mmoja?"

Kidole kilikuwa juu ya koma.

Nokia ikalia.

"Kipanga, sikiliza," alisema Chifu. Kinasa sauti walichoficha ndani ya taa ya chumba cha Halvorn hotelini kilikuwa kinaimba. "Wamejua ulimwona Kimotho. Wamebadilisha mpango. Wanasoma ile nakala iliyoibwa, na Halvorn anapiga kelele kwamba nusu ya ripoti inamtegemea mtu mmoja. Amesema hivi: mtafuteni Mwethya. Mkimpata, mnunueni. Mkimkosa, mtengenezeni."

Nyaguthii aliondoa kidole.

"Huyo Mwethya ni nani?" aliuliza Chifu. "Nitume watu wamlinde?"

"Chifu, ulizaliwa wapi?"

"Limuru. Kwa nini?"

"Basi acha tu. Hahitaji ulinzi." Akakata simu, akafunga laptop.

"Hujaweka koma!" Katunge aliruka.

"Na siweki."

"Nitapeleka makosa mbele ya kamati? Niaibishe mamangu?"

"Wanataka kuleta Mwethya bandia aseme alikosea. Wewe waache walete."

Katunge aliona mtego, akaona na hatari yake. "Na kamati ikimwamini? Leo wanapiga muhuri, na mimi nimekaa na koma kwa mfuko?"

Nyaguthii aliogopa pia. Aliogopa sana, maana kuokoa ripoti tu kungetosha kumkosesha Halvorn leseni, lakini kungemwacha huru atafute mashimo mengine, juu ya visima vingine.

"Wakimwamini," alisema, "hayo maji ya Kwa Kaleli nitakunywa mbele yako."

"Utakunywa debe nzima," alijibu Katunge. Hakuwa anatania.

Saa nane ukumbi wa mikutano ulikuwa umejaa. Wanawake wa Kwa Kaleli walikuja kwa lori, wakiwa na majembe, moja kwa moja kutoka bwawani. Askari mlangoni aliwakataza kuingia na majembe, wakamtukana kwa Kikamba safi. Nafasi haikuwatosha. Wachache waliingia na mwenyekiti wao, Mumbua, mama yake Katunge. Wengine walibaki uani, karibu na rundo la mawe ya kujengea choo kipya. Mercedes nyeusi ya Halvorn ilikuwa imeegeshwa ukutani hapo hapo.

Nyaguthii alipita kati yao, akasema maneno machache kwa Kikamba, akanyoosha kidevu kuelekea gari. Kina mama wakatazamana. Mmoja akatema mate viganjani.

Ndani, Halvorn alikaa mbele akiwa amekunja nne. Wakili wake hakusoma marejeo hata moja. Alisimama na tabasamu.

"Bwana mwenyekiti, ripoti hii inamtegemea mtafiti mmoja. Ameguswa na dhamiri. Yuko hapa."

Aliingia mwanamume wa suti ya kijivu na miwani myembamba, amebeba mkoba wa ngozi.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mbithi, alikuwa hakimu mstaafu, Mkamba mzaliwa wa Kathiani. Alishika kalamu.

"Jina lako kamili?"

"Dakta Kennedy Kilonzo Mwethya."

Kalamu ilisimama.

"Hebu rudia."

"Mwethya, mheshimiwa. Kennedy Kilonzo Mwethya. K. K."

Mzee Mbithi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na wewe ndiwe uliyepima maji ya Kwa Kaleli?"

"Ndiyo. Na ninaungama kwamba nilikosea. Zebaki haikuwepo."

"Ulipima na nani?"

"Peke yangu, mheshimiwa."

"Mwethya," alisema Mzee Mbithi polepole, "peke yake."

Mtu alicheka nyuma. Mwingine akashindwa kujizuia. Kicheko kikapita safu kwa safu, wazee wakapiga magoti yao, hata karani wa kamati akainamisha uso kwenye karatasi. Wakili aliangalia kushoto na kulia. Hakuelewa. Halvorn hakuelewa. Katika kundi lao lote, na pesa zao zote, hakukuwa na Mkamba hata mmoja wa kuwaambia.

Mumbua alisimama. Yeye hakuwa anacheka.

"Wewe ndio Mwethya?"

"Ndiyo, mama."

"Aiee! Na Jumamosi tukibeba mawe ya bwawa ulikuwa wapi? Mbona faini hujaleta?"

"Faini... gani, mama?"

Ukumbi ulilipuka. Mumbua aliinua mkono, ukatulia.

"Mwethya ni sisi," alisema. "Ni mimi na hawa, na wale wako nje. Sisi ndio tulichota hiyo maji. Mjukuu wangu Wanza anatetemeka mikono mpaka namlisha kama ndege. Sasa wewe na hiyo suti unakuja kusema umetubu kwa niaba yangu? Nani alikutuma?"

Jasho lilimtoka Dakta Kennedy. Alitazama ule umati, akatazama mlango, akasalimu amri.

"Mimi naigizanga matangazo ya redio tu!" alilia. "Ya sabuni! Ni huyu mzungu alinituma! Kimotho ndiye alinipea jina!"

Halvorn alikuwa ameshanyanyuka. Alipita mlango wa nyuma kwa kasi. Nje ya mlango huo Kimotho alikuwa akimngoja, mkono ndani ya ovaroli.

Mkono haukutoka.

Mdomo wa Ceska ulikuwa umemgusa nyuma ya sikio.

"Jikoni kumenichosha," alisema Nyaguthii. "Toa pole pole."

Bastola ilianguka. Nyaguthii aliipiga teke mbali, akamlaza Kimotho kifudifudi kwa pigo moja la goti.

"Ng'ang'ana, boss! Washa gari!" Kimotho alilalama mchangani.

Halvorn alikimbilia Mercedes. Akafika, akasimama.

Gari lilikuwa limezungushiwa ukuta wa mawe. Mbele, nyuma na ubavuni, ukuta ulifika madirishani, umepangwa vizuri kama wa bwawa. Kina mama walikuwa bado kwenye mstari wao, jiwe likipita mkono kwa mkono kutoka kwenye rundo, wakiimba chini chini. Aliyekuwa mwisho wa mstari aliweka jiwe lake, akalisawazisha kwa kiganja, akajipangusa.

"Ondoa hii!" Halvorn alifoka. "Ondoa sasa hivi! Nani amefanya?"

Nyaguthii alifika nyuma yake na pingu.

"Leo ulisema utafutiwe Mwethya," alimwambia. "Ndio hao."

Kabla ya saa kumi Chifu alikuwa amezingira malori ya Athi River na gundi yao isiyonata. Lakini ndani ya ukumbi Mzee Mbithi alikataa kupiga muhuri wa kumnyima Halvorn leseni.

"Kwanza hilo kosa litolewe," alisema. "Sitaki kumbukumbu za kamati ziseme kuna mtu anaitwa K. K. Mwethya. Nitachekwa nyumbani."

Compaq iliwekwa mezani. Nyaguthii alifungua maktaba, akaweka koma mahali pake, kisha akajitoa kitini.

"Mama, njoo ubonyeze wewe. Hapa."

Mumbua alisogea. Kidole chake kilikuwa na vumbi la mawe. Alibonyeza kwa nguvu, kama anayezika mbegu.

Kwenye kioo, ukurasa kwa ukurasa, yule mtu asiyekuwepo alifutika. Mahali pake pakaandikwa: Kwa Kaleli Mwethya. Kwa Kaleli Mwethya. Kwa Kaleli Mwethya.

"Hiyo ndio sisi?" aliuliza Mumbua.

"Ndio nyinyi, mwaitu," Katunge alimwambia mama yake, na safari hii hakufuta machozi.

Muhuri ukagonga karatasi.

Nyaguthii alikuwa ameshafika mlangoni. Mumbua alimfuata kwa sauti.

"Wewe mwiitu, msichana wa yule wa mabati! Jumamosi tunafukia hayo mashimo na kuchimba kisima ingine. Kuja na jembe. Usipokuja kuna faini."

"Nitakuja, mama."

Uani Yamaha ilimngoja bila kioo cha pembeni. Alipokuwa anavaa glavu, Nokia ililia.

"Kazi nzuri, Kipanga," alisema Chifu. "Jumamosi unaenda Mombasa. Kuna meli."

"Jumamosi niko na mwethya."

"Tena huyo? Mwombe ruhusa!"

"Wako karibu mia mbili, Chifu. Anza kuwapigia."

Alizima simu, akaiwasha pikipiki, akapita polepole kando ya Mercedes iliyozikwa, akatoka langoni kwenda kununua jembe.